Wafalme Watatu Niliowatupa

Jumapili, 3 Machi

Leo nimewatupa wafalme watatu. Naandika mapema, kabla sijaanza kujisifu au kujilaumu — sijui bado ni kipi.

Stoo ya Seremala, kama kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Meza yake ya mbao za mabaki, vumbi la randa mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa wanne. Seremala mwenyewe, anayegawa karata. Hesabu, mwalimu wa sekondari, ambaye jina lake jingine nadhani hata mkewe amelisahau. Mimi. Na Mjomba. Mjomba ni kaka wa marehemu mama, na ndiye aliyenifundisha poka nikiwa na umri wa mwanangu Kidoti sasa, tukichezea vijiti vya kiberiti. Hapa tunachezea vibao vya mbao alivyovikata Seremala. Hela yake ni ya soda tu. Lakini mtu akikumaliza vibao mbele ya wenzako, utalala na jambo hilo wiki nzima.

Baba Kidoti hajui karata. Nilimweleza jikoni kwa vikombe: kila mtu ana karata mbili anazoziona peke yake. Tano zinawekwa katikati, za wote. Ukichanganya zako na za katikati, mwenye tano bora anachukua. Au anachukua yule aliyewatisha wengine mpaka wakatupa zao. Akasema kumbe ni mchezo wa uongo. Nikamwambia hapana, ni mchezo wa kumjua mwongo. Akaendelea kuosha vikombe vyake.

Basi. Mkononi nina mfalme wa shupaza na mfalme wa uru. Katikati mfalme mwingine, wa pau, na kopa mbili. Wafalme watatu! Hao huwaoni kila Jumapili. Nikaongeza dau. Hesabu na Seremala wakatupa, Mjomba akafuata. Ikaja saba ya shupaza, haina maana kwa yeyote. Nikaongeza tena, akafuata tena. Karata ya mwisho: jeki wa kopa. Sasa kopa ni tatu mezani, na mwenye kopa mbili mkononi anazo tano, ananipiga.

Mjomba akazifunua zake pembeni, akazitazama. Akazilaza. Akazifunua tena. Kisha akasukuma vibao vyake vyote katikati.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kopa ya tatu inapoanguka, mwenye kopa mbili hana haja ya kuchungulia. Anazikumbuka, zimemkaa moyoni. Anayechungulia ni yule anayetafuta kama anayo hata moja. Nani alinifundisha hilo? Mjomba. Kwa hiyo Mjomba hawezi kuchungulia kwa bahati mbaya. Anachungulia ili mimi nimwone, nidhani ni mtupu, nifuate, nichinjwe. Basi anazo.

Nikatupa. Na kwa kuwa kichwa kilishavimba, nikawageuza wafalme juu ili kila mtu awaone. Hesabu alipiga makofi. Seremala akasema yeye angefuata hata kama ni kwa nyumba yake.

Mimi nimeonyesha, Mjomba naye kwa heshima akaonyesha. Akaziweka mezani kwa madaha. Kopa tano, akasema. Ulitupa vizuri, mpwa.

Ree wa kopa. Kumi ya uru.

Uru, nyekundu kama kopa lakini si kopa! Hana kitu. Stoo nzima ikaangua kicheko — danganya toto, danganya toto — Hesabu ameshika mbavu. Mjomba naye alicheka, ila alianza baada ya wenzake. Akazichukua karata zake, akazisogeza karibu na uso, akazirudisha kwa Seremala.

Amenipiga chenga, na juu yake akanidhihaki. Sawa. Nitamrudishia.


Jumatatu, 4 Machi

Watu hudanganya hata mbele ya ubao wa herufi. Kazi yangu ni kupima macho, siwapi mtihani, lakini wanasoma utadhani watakaokosa watachapwa. Wanakisia. Wanakodoa. Wanavuta kiti mbele kidogo wakidhani sioni. Bwana mmoja leo alipandisha sauti kila alipokuwa hana uhakika. Mwenye uhakika husema polepole, kwa sauti ya kawaida. Mezani ni hivyohivyo.

Bado naiwaza ile kumi ya uru. Ingekuwa Hesabu ningesema kabahatisha. Mjomba habahatishi.


Alhamisi, 7 Machi

Mjomba ndiye dereva wa basi la shule ya Kidoti. Yeye husema ameanza kuliendesha kabla shule haijapakwa rangi ya kwanza. Hajawahi kukwaruza hata kioo, na hilo pia husema.

Kidoti amerudi amekaukiwa sauti. Babu, ndivyo anavyomwita Mjomba, ana mchezo mpya: basi likikaribia taa za barabarani, wa kwanza kutaja rangi anapata peremende. Basi zima linapiga kelele. Nyekundu! Kijani! Yule dada anayewahudumia watoto analalamika kwamba kichwa kinamuuma kutwa. Kidoti ana peremende nne mfukoni, mbili zimeshayeyuka kwenye sare. Nimecheka. Ndiyo Mjomba huyo, watoto humganda kama gundi.

Alimshusha mtoto kwenye geti la jirani. Nilimtania kwamba amekula chumvi nyingi, sasa anasahau nyumba. Akasema jua lilikuwa likimpiga machoni. Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Sikubishana naye.


Jumapili, 10 Machi

Nimevuna nilichopanda kwa kuonyesha wale wafalme. Kosa la kijinga, la mtu mwenye majivuno. Ukiwaonyesha watu kwamba unaweza kutupa karata nzito, kila mtu atakuja kukutisha. Hesabu amenitisha mara tatu. Mara mbili nikatupa. Ya tatu nikafuata kwa hasira, na safari hiyo akawa nazo kweli. Ningewatupa kifudifudi, wasingejua chochote. Wangedhani nilikuwa na takataka.

Nimekaa nikimtazama Mjomba tu. Nataka kuijua hii tabia yake mpya. Zamani alikuwa ukuta: anatazama karata mara moja, analaza, hazigusi tena. Sasa anazileta usoni, anageuza kichwa kushoto, anazitazama kwa pembe ya jicho. Nikadhani kichwa kushoto maana yake nzuri. Ikatoka mbaya. Nikadhani maana yake mbaya. Ikatoka nzuri. Anageuza kwa zote! Alama isiyobadilika si alama. Au anaigiza, na mimi ndiye ninayeigiziwa.

Jingine. Alimwomba Seremala awe anatangaza kila karata inayotua mezani, mchezo uchangamke. Seremala kalipenda wazo hilo, sasa ananadi kama muuza mitumba: malkia wa pau, mabibi na mabwana, malkia wa pau! Hata Hesabu alicheka. Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa anasikiliza.

Mara moja aliweka kibao chekundu badala ya cha kahawia. Hesabu akamwambia mzee, hiki ni kikubwa. Mjomba akasema najua, ndiyo nilichotaka. Nikaandika kichwani: anabadili dau katikati ya safari, hajiamini. Nikamfuata, nikashinda. Sikufurahi nilivyotarajia.


Jumanne, 12 Machi

Leo alikuja mama mmoja, fundi cherehani. Alikaa kwenye kiti changu akanisalimia huku akitazama sikio langu. Nikageuka nyuma kuona kuna nani. Akacheka. Akasema, usinione sina adabu, binti yangu. Nikikutazama usoni, uso unapotea, kuna doa tu. Nikitazama sikio, naupata mdomo wako.

Kiini cha jicho kimechakaa. Kando panaona, katikati pamekufa. Anatembea vizuri, anamimina chai bila kumwaga. Uzi na uzi ndiyo hatofautishi. Mwekundu na wa machungwa humchanganya kabisa, amewashonea wateja wawili zipu za rangi tofauti na nguo. Miwani haitamsaidia. Nimemwandikia aende hospitali, kuna sindano. Kwa wanaowahi huzuia kilichobaki kisipotee.

Nilikuwa nimeshaita anayefuata ndipo ikanijia. Nikamwomba dada wa mapokezi anipe dakika moja.

Kichwa kushoto. Karata karibu na uso. Kibao chekundu. Seremala kutangaza. Geti la jirani.

Mjomba hakuwa ananitisha. Aliona kopa mbili. Alichungulia tena na tena kwa sababu alikuwa hazioni, akaamini alichokiona mwishoni, akasukuma kila kitu. "Kopa tano, ulitupa vizuri" — alimaanisha. Alikuwa ananisifu. Sisi tukamcheka, naye akatuacha tudhani ametupiga chenga, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima pekee iliyobaki mezani.

Mimi ninayepima macho ya watu kutwa nzima. Nilikuwa nikimtazama machoni mtu niliyemfahamu tangu sijaota meno ya mbele, na nilichokuwa natafuta ni vibao.

Na ule mchezo wa taa. Peremende.


Jumatano, 13 Machi

Nimempeleka Kidoti shule mwenyewe. Nilimwambia Baba Kidoti nataka kutembea asubuhi, daktari anasema nakaa sana. Mtoto alinuna njia nzima. Anakosa peremende.

Basi lilitupita kwenye kona. Watoto walikuwa wanapiga kelele. Kijani! Kijani! Lilipita vizuri kabisa, kwenye mstari wake.


Ijumaa, 15 Machi

Bado nampeleka mwenyewe. Sijamwambia mtu. Sababu ninazo nyingi, zimepangana vizuri: sijampima, nakisia tu. Anaijua barabara ile kwa moyo. Anakwenda polepole. Kando anaona. Mhudumu yuko pembeni yake.

Halafu najiuliza, kama hizo ni sababu za kweli, mbona mtoto wangu anatembea kwa miguu?

Basi lina viti vya watoto ishirini na tano. Nimekiondoa kimoja.


Jumapili, 17 Machi

Sikutaka kwenda, nikaenda. Nisipokwenda angejua.

Mjomba aliniuliza mbele ya wote kama Kidoti anaumwa. Nikasema hapana, tunafanya mazoezi. Akaitikia vizuri, akashika karata zake. Nilijua kwamba hakuniamini. Nilijibu haraka mno, na kwa sauti ya juu kuliko iliyotakiwa.

Kisha ukaja ule mkono wetu. Mimi nina malkia wawili, katikati hakuna cha kunitisha. Mjomba anaongeza, mimi nafuata. Anaongeza tena. Akageuza kichwa kushoto, akazileta karata karibu, na safari hii nilimwona kope zinavyopepesa akitafuta rangi. Akasukuma zote. Nilijua kwa hakika yote kwamba hajui alichonacho. Nikifuata nampiga, tena mbele ya watu, na atazilaza na kutaja karata zisizokuwepo, na Hesabu si mjinga. Mara ya pili asingecheka.

Nikatupa malkia. Kifudifudi.

Mjomba hakuvuta vibao. Alikaa. Kisha akasema taratibu: nyoosha mgongo kidogo, mpwa, twende nje tupate hewa.

Uani kwa Seremala kuna mbao zinakaushwa. Aliegemea rundo, akatazama bega langu. Sasa najua ananiona hapo.

"Umeanza kunihurumia," akasema.

Nikasema nilikuwa na takataka.

"Ulikuwa na jozi kubwa. Ulipofuata mara ya kwanza ulivuta pumzi kwa pua. Macho yangu yana lao, masikio hayajambo." Akaongeza: "Na mtoto hapandi. Siku tatu kiti chake kitupu. Ukitaka kumficha mtu jambo, mama, usiondoe mtoto wako kwanza. Hiyo ni kama kugeuza karata juu."

Amenisoma kama alivyonisoma siku zote. Nikamwambia Mjomba, kuna sindano. Ukiwahi. Akasema amesikia habari za sindano, na kwamba anayechomwa jichoni wiki hii hashiki usukani wiki ijayo, na akiuachia usukani hawatamrudishia. Wakishamjua watamwaga unga wake papo hapo. Amebakiza muhula mmoja. Muhula mmoja tu, kisha anastaafu kwa jina lake, wanamkatia keki, watoto wanaimba. Baada ya hapo nimchome sindano hata za unyayo.

Nikamuuliza, na watoto?

Alikasirika. Sijawahi kumwona vile. Akasema nani amewapeleka watoto hao, na kaka zao, na wewe mwenyewe mguu wako ulipovunjika nani alikubeba. Hajagusa hata kuku. Kisha hasira ikamwisha ghafla, akashika ukingo wa mbao, akapapasa mpaka akapata mahali pa laini.

"Ijumaa shule inanileta kwako kupimwa, kama kila mwaka," akasema. "Nitakuja. Nitakaa kwenye kiti chako kama mtu mwingine yeyote. Ukiamua kufuata, fuata. Ukiamua kutupa, tupa. Lakini usinitupie kwa huruma mbele ya watu. Hilo sitaki."

Tukarudi ndani. Alikuwa bado hajavuta vibao. Seremala alimsogezea.


Jumatatu, 18 Machi

Sitaki kuandika leo.

Mama alipofariki, Mjomba ndiye aliyekuja na begi moja akakaa kwetu. Alikuwa anapika vibaya sana. Ugomvi wetu wote tulikuwa tunaumaliza kwa karata: atakayeshindwa anaosha vyombo. Nimeosha vyombo utoto wangu wote. Hakuwahi kuniachia nishinde, hata nilipolia. Alisema nikikuachia, utakuwa hujashinda, na siku utakayoshinda kweli hutajua. Nilimshinda kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili. Aliosha vyombo akiimba.

Ndiyo maana alikasirika uani. Nilimwachia.


Jumatano, 20 Machi

Mjomba alipitia kazini kwangu mchana nikiwa nimetoka kula. Alileta miwani ya mkewe ikazwe skrubu. Dada wa mapokezi akamwambia asubiri kwenye chumba cha kupimia, kuna feni.

Nilipomuuliza alikaa muda gani, dada akasema hata hakukaa. Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa herufi, pua karibu igusane nao, kichwa kimelala kushoto kama anausikiliza. Midomo inacheza. Dada alidhani anasali, akamfungia mlango.

Nimekaa kwenye kiti cha wateja nikautazama ubao huo. Una pande mbili. Herufi kubwa ya juu ni moja pande zote, za chini yake ni tofauti. Upande wa nyuma huwa nautumia kwa wanafunzi, maana wale hukaririshana wakiwa kwenye benchi. Wazee sijawahi kuwageuzia.

Ameshacheza. Sasa vibao vyake vyote viko katikati.


Alhamisi, 21 Machi

Nimemwomba Baba Kidoti ampeleke mtoto kesho, mimi nawahi kazini. Akauliza kwani basi lina nini. Nikasema halina kitu. Akanitazama kidogo, akasema sawa.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamwambia kwamba maziwa yamekwisha.


Ijumaa, 22 Machi

Naandika nikiwa kwenye chumba cha kupimia, mlango umefungwa. Mjomba yuko mapokezi. Namsikia akimtania dada kuhusu feni.

Niseme kwa mpangilio, la sivyo nitaruka.

Alifika baada ya kupeleka watoto. Basi ameliegesha mbele ya dirisha, limenyooka vizuri, gurudumu moja juu ya ukingo. Shati jeupe, kanyoa ndevu. Amefurahi. Hiyo ilinishangaza, nilidhani atakuja amenuna. Akaweka ufunguo wa basi mezani pangu ili usimchome kiunoni, akakaa kwenye kiti, akasema: "Nimekuelewa, mpwa. Ahsante."

Nikauliza, umeelewa nini?

"Leo asubuhi nimempakia mjukuu wangu. Baba yake kamleta mwenyewe mpaka mlangoni mwa basi, akasema mama yake kawahi kazini. Nikajua. Umenipa jibu bila kuongea. Kiti kimejaa."

Nilikuwa nimeshika kalamu, nikaishika zaidi. Bila shaka Baba Kidoti alichelewa, basi likapita, akampandisha. Ndivyo mtu hufanya asipoambiwa. Na Mjomba akaona kiti kimejaa, akasoma jibu ambalo sikulitoa. Maishani mwake hajawahi kunisoma vibaya. Ameanza leo.

Ningeweza kumwambia palepale. Sikumwambia. Nikasema, funika jicho la kushoto, Mjomba, soma kuanzia juu.

Ubao niliugeuza asubuhi nilipofika. Nilisimama mbele yake nikaurudisha, kisha nikaugeuza tena. Dada alikuja akanikuta nimeushika, akauliza kama umelegea.

Akaisoma ile kubwa ya juu. Ipo pande zote, akaipata. Akatabasamu. Kisha akashuka mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Polepole. Kwa sauti ya kawaida, kama mwenye uhakika. Hakukodoa, hakuvuta kiti. Alifika mpaka ule mstari wa chini ambao mimi mwenyewe huwa naukaribia kwa shida ikifika jioni. Hakukosea hata herufi moja.

Hakuna hata moja iliyokuwa pale.

Nilisimama kando ya ubao na kijiti changu nikiwa naonyesha herufi moja, naye anataja nyingine. Naonyesha, anataja. Nikahama na kijiti, nikaruka mstari mzima makusudi, naye akaendelea alipokuwa. Jicho la pili vilevile. Alipomaliza akaweka mikono mapajani akanyamaza. Hilo nalo alinifundisha: ukishasukuma zote, usiguse kitu, usiseme neno, mwache mwenzako ateseke.

Nilimwambia anisubiri nje, nijaze. Akasimama, akapita kwenye mlango bila kugusa fremu. Kwa kando anaona vizuri, nimesema. Alinipiga bega alipokuwa anapita. Akasema Jumapili nisije na ile huruma yangu.

Sasa nimekaa. Mkuu wa shule anangoja nimpigie simu kabla ya saa tisa, ndipo watoto wanatoka. Ishirini na tano, leo wote wapo. Nikisema neno, hakuna keki. Hakuna wimbo. Mjomba akiulizwa nani kamwaga unga wake atataja jina langu, na atakuwa amesema kweli. Nisiposema, basi lile litakwenda kwenye taa, na watoto watapiga kelele, na siku moja watoto watakuwa wamechoka au wamelala.

Najua nilichonacho mkononi. Kwa mara ya kwanza najua pia alichonacho yeye, chote, kuliko anavyojua yeye mwenyewe. Hakuna cha kukisia. Nilidhani kutupa wafalme watatu ndiyo kazi ngumu.

Nje utani umekwisha. Namsikia anapapasa mifuko. Shati, suruali, shati tena. Anamuuliza dada kama hajaona ufunguo wa basi.

Uko mezani, juu ya ukurasa huu. Nimeutoa, nimeutia mfuko wa koti langu.

Anabisha. "Mpwa, nimesahau ufunguo wangu humo." Anabisha tena, taratibu, kwa kucha, kama alivyokuwa anabisha chumbani kwangu nilipokuwa mtoto nimenuna.

Mezani kwetu neno likishatoka mdomoni, nafuata au natupa, halirudishwi. Nimesimama. Bado sijalitamka.